Nilivyochagua fiziotherapia nikiwa nimembeba mtoto wa dada

Habari zenu ndugu zangu. Kuna binti mmoja jirani yangu hapa Nkuhungu kamaliza form four, ameshaniuliza kama mara tatu "dada ulijuaje kama hii ndo kazi yako" na kila mara namjibu juu juu sababu tunakua tuko njiani. Nikaona bora nikae niandike vizuri maana najua sio yeye peke yake, kipindi hiki cha kusubiri matokeo vijana wengi wanachagua kozi kwa kusikia jina tu.

Mi ni mtu wa Bahi. Nilimaliza form four Novemba 2015 na kiukweli sikua na mpango wowote, nilikua najua tu nataka kitu cha afya. Fiziotherapia, yaani kutibu mwili kwa mazoezi na mikono, nilikua hata sijawahi kulisikia hilo neno. Sasa wakati niko nyumbani nasubiri matokeo dada yangu akajifungua kwa operesheni, mtoto wa kiume, mzima kabisa ila miguu yote miwili imepinda kwa ndani, nyayo zinatazamana. Sehemu moja tuliambiwa itanyooka yenyewe akianza kutembea, majirani nao wakasema yao, eti dada alimcheka mlemavu akiwa na mimba. Dada akawa anamfunika mtoto na khanga mpaka shingoni hata na lile jua la Bahi la mwezi wa 12, mgeni akija anamgeuzia mgongo. Iliniuma sana ile.

Mtoto alipofika wiki tatu mama akasema basi, twendeni Dodoma mjini hospitali. Ni kama kilomita 50 na ushee kutoka kwetu, unapanda hiace asubuhi giza bado, dada na kidonda chake anakaa kiti cha mbele, mi nyuma na mtoto na beseni na mfuko wa nepi. Tukazungushwa madirisha mawili matatu mwisho tukaelekezwa mwisho wa korido, "nendeni kwa watu wa mazoezi". Nikashangaa, mtoto wa wiki tatu na mazoezi wapi na wapi.

Yule mtaalamu wa fiziotherapia alikua kijana tu, wa kutokea Kagera. Akamshika mtoto mguu, akaugeuza geuza taratibu, akatuambia hii inaitwa nyayo za kupinda, inatokea kwa watoto wengi tu duniani, karibu mmoja katika kila watoto elfu, mama hana kosa lolote. Dada alilia pale pale. Akatuelezea njia wanayotumia ilianzishwa na daktari mmoja aliekua anafanya kazi Iowa Marekani, Ignacio Ponseti, haina operesheni kubwa, kila wiki unaunyoosha mguu kidogo kwa mkono afu unaufunga hogo, ile plasta ngumu, ili ubaki pale ulipofika, wiki ijayo unafungua unasogeza tena.

Dada hakuweza kuangalia, akatoka nje, kwahiyo mtoto nikamshika mi. Na hapa ndo naomba mnisome vizuri sababu kila kitu kilianzia hapa. Yule kaka aliweka dole gumba kwenye kifupa kilichotokeza juu ya mguu upande wa nje, hakukandamiza, aliliweka tu pale likae, afu mkono mwingine ukawa unausogeza mguu kwenda nje polepole mpaka ukafika mahali ukagoma, akasimama hapo hapo. Hakulazimisha. Akaniambia dada mnyamazishe mtoto, akilia misuli inakaza. Nikampa kidole anyonye nikawa namuimbia. Mwenzake akazungusha pamba, akazungusha plasta iliyolowekwa, kuanzia vidoleni mpaka juu ya paja, goti limekunjwa. Mtoto akalala akiwa anafungwa. Nilikua natetemeka lakini nilikua sitaki iishe.

Wiki iliyofuata asubuhi tukaloweka hogo kwenye beseni, likalainika, tukafungua, na mguu ulikua umesogea. Kidogo tu, lakini niliuona kwa macho yangu. Wiki ya tatu unyayo ukawa unaangalia mbele. Wiki ya tano unaangalia nje. Sijawahi kuona kitu kama kile, hakuna dawa, hakuna kisu, ni mikono na subira na kurudi kila wiki.

Ila mngeniuliza ni siku gani hasa niliamua, haikua siku ya mtoto. Ilikua ya mzee mmoja.

Maana pale unasubiri sana, unafika saa 2 unaondoka saa 7, kwahiyo nilikua nakaa kwenye benchi naangalia kila anaeingia. Alikua anakuja mzee wa kwetu kwetu, kapata kiharusi upande wa kulia, anakuja na mkewe, anatembea na fimbo kwa shida. Nikawasalimia mbukwa, wakafurahi kumkuta mtu wa nyumbani. Kila wiki yule kaka wa fiziotherapia anamuuliza mzee nyumbani unafanya mazoezi? Mzee anajibu ndio nafanya. Na mguu haubadiliki. Siku hiyo nikamsikia anamwambia mkewe kwa Kigogo kwamba anaona aibu, kwa umri wake atakimbiaje barabarani na vijana watu wamuone. Yaani miezi miwili yote mzee alikua anajua mazoezi maana yake ni kukimbia! Hakuna aliekua ameelewa kwamba hajaelewa.

Nikamfata yule kaka nikamwambia. Hakukasirika, alivuta kiti akakaa mbele ya mzee, akaniomba nitafsiri, akaanza upya kabisa, akamuuliza mzee, kuanzia unaamka mpaka unalala unafanya nini? Mzee akasema nakaa kwenye kigoda pembeni ya zizi, naangalia ng'ombe wakitoka, jioni naangalia wakirudi. Akamwambia basi mzee mazoezi yako ni haya, ng'ombe wakitoka unasimama na kukaa mara 10, wakirudi mara 10, mguu mbovu nao ubebe uzito. Mzee akajaribu pale, akainuka kwa kujivuta kwenye meza. Kaka akauliza kigoda kina urefu gani, mkewe akaonyesha kwa mkono, ni kifupi mno, mtu mwenye kiharusi hawezi kuinuka kutoka chini vile. Wakakubaliana aanze kukalia ndoo ya lita 20 iliyojazwa mahindi, akizoea ndo arudi kwenye kigoda chake.

Wiki mbili baadae mzee aliinuka kwenye lile benchi bila kushika kitu, akasimama akaniangalia. Niliporudi Bahi usiku ule sikulala, nilijua.

Matokeo yakatoka, Biology C, Chemistry C, Physics D. Sasa kwetu mambo ya shule mwamuzi ni mjomba, kaka yake mama, ndo aliesoma. Mjomba alikua anataka nisome clinical medicine, "mjomba wako nataka uwe unaandika dawa, hao wanaochua watu wanapata nini?" Na simlaumu, wengi mpaka leo wanajua kazi yetu ni masaji. Sikubishana nae. Nilichofanya nilichukua daftari, kliniki iliyofuata nikamuuliza yule kaka maswali yote ambayo najua mjomba atauliza: chuo kiko wapi, miaka mingapi, masomo gani, ajira ikoje, changamoto zipi. Akanijibu ukweli, na mabaya pia alinitajia. Diploma ni miaka 3, unatakiwa uwe umefaulu Physics, Chemistry na Biology, ile D yangu ilikua inatosha kuomba.

Afu nikamuomba mjomba kitu kimoja tu, atusindikize siku ya mtoto kukatwa kano ya kisigino. Kwenye ile njia ya Ponseti mwishoni wengi wanakatwa kano kidogo sana nyuma ya kisigino ili mguu ushuke vizuri, afu hogo la mwisho linakaa wiki 3. Mjomba akaja, akakaa kwenye lile benchi masaa matano, akaona kijana wa bodaboda aliekua kavunjika paja anajifunza kukunja goti, akaona mama anaefundishwa kumkalisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo ili aweze kumeza uji. Hakusema neno. Kwenye hiace kimya. Tunafika Kigwe ndo akaniuliza, "Hicho chuo umesema kiko wapi?"

Nikaomba kupitia NACTE, lile baraza la elimu ya ufundi ambalo siku hizi ni NACTVET, nikapata Moshi, pale KCMC. Ada ilizidi milioni moja kwa mwaka bado kula na kulala, mwaka wa kwanza ilitoka kwenye alizeti ya baba na ng'ombe wawili, mwaka wa pili mjomba alibeba karibu yote. Wakati wetu diploma haikua na mkopo, ila kuanzia 2023/24 bodi ya mikopo imeanza kutoa kwa diploma za kipaumbele na za afya zimo, kwahiyo someni mwongozo wao mapema msije mkakosa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Kipindi kile barabara ya Kondoa na Babati bado inajengwa, basi letu lilizunguka Morogoro, Chalinze, Segera mpaka Moshi, nilifika miguu imevimba.

Masomo ni magumu, sidanganyi. Anatomia unakariri kila msuli unaanzia wapi unaishia wapi na unalishwa na mshipa gani wa fahamu. Physics niliyoiogopa ikanirudia huko huko, ila safari hii nikaielewa, sababu zile nyenzo za form two kumbe ni kiwiko, ni goti, mzigo ukiwa mbali na mwili mgongo unabeba mara nyingi zaidi. Tunapima nguvu ya msuli kwa namba kuanzia 0 mpaka 5, 0 hakuna kitu, 1 unaona tu msuli unacheza chini ya ngozi. Hiyo 1 jamani. Kwa ndugu wa mgonjwa ni hakuna mabadiliko, kwako wewe ni habari kubwa ya wiki.

Nilimaliza 2019. Ajira haikuja haraka, nilijitolea mwaka na zaidi nikiwa napewa nauli tu, kuna miezi nilitaka kuacha nirudi Bahi nikalime mpunga. Sasa hivi niko kwenye kituo kimoja hapa Dodoma. Wagonjwa hawaishi, tangu serikali ihamie huku tunapata sana watumishi wa kule Mtumba, shingo na migongo ya kukaa, tunapata bodaboda, tunapata kina mama wa vijijini magoti yamechoka kwa kubeba maji. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo utengamao, yaani huduma za kumrudishia mtu uwezo wa mwili kama hizi zetu, ungewasaidia, na mi nikiwa kwenye chumba changu chenye vitanda vitatu ninaamini kabisa.

Kinachoniumiza mpaka leo ni wanaochelewa. Mtu kapata kiharusi anakaa miezi sita ndani, ndugu wanamvuta ule mkono uliolegea kila wakimnyanyua, anakuja bega limetoka mahali pake na vidole vimejikunja. Ndugu zangu, mkono wa mgonjwa wa kiharusi usivutwe, mshike kiunoni, na umlete mapema, hali ikishatulia tu na daktari akasema sawa. Hilo nalisema popote hata nikiwa kwenye daladala.

Kwahiyo mdogo wangu, swali lako la nilijuaje. Jiulize kama unaweza kukaa na mtu mmoja wiki nane kwa ajili ya kidole kimoja na bado ukawa na hamu ya kumuona Jumatatu. Jiulize kama unapenda kuongea na watu, maana nusu ya kazi ni kumuuliza mtu anaishije, mzee yule alinifundisha. Kama unachotaka ni kuitwa dokta na kuandika dawa, nenda clinical, ni kazi nzuri pia. Mwili nao utachoka, unanyanyua watu wazima, kwahiyo utajifunza kukunja magoti na kumsogeza mtu karibu na mwili wako kabla ya kunyanyua.

Ila usiamue kwa maneno yangu. Nenda ukaone, andika barua fupi, peleka kwa mkuu wa idara ya fiziotherapia hospitali yoyote iliyo karibu, omba ukae wiki mbili uangalie, ukikubaliwa fika saa 2 kabla wagonjwa hawajajaa. Kaa kwenye benchi sio ndani tu, kwenye benchi ndo utasikia watu wanasema nini wakiwa hawamuogopi mtu.

Mtoto wa dada baada ya hogo la mwisho alipewa viatu vya chuma, vile viwili vilivyounganishwa na chuma ili miguu isirudi kupinda, alivaa masaa 23 kwa siku miezi mitatu ya kwanza, afu usiku tu mpaka alipofika miaka minne, na kuna usiku tulipigana nae kweli kweli kuvivaa. Sasa hivi yuko shule Bahi, dada kanipigia juzi anasema kamaliza viatu vingine, hii ni pea ya tatu mwaka huu kwa ajili ya mpira. Nikamwambia namtumia hela kwenye simu.