Nyumba ya mtaa wa Soweto, Mbeya, kabla hatujashusha bati hata moja

Nyumba hii nimeinunua mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekolea, na nilikusudia iwe hivyo. Hapa Mbeya mvua zinaanza Novemba na kukata karibu na Mei. Kwa mtu anayenunua nyumba kuukuu, akaikarabati na kuiuza, hakuna mkaguzi anayeishinda mvua ya Machi. Kiangazi kila nyumba ni kavu. Machi utaona dari imelowa upande gani, maji ya uwanja wa jirani yanapita wapi, na utasikia harufu ya kile chumba cha nyuma ambacho dalali anataka ukipite harakaharaka. Kwa hiyo nakagua wakati wa mvua, na kazi nzito naifanya kiangazi. Wengi mnaniuliza mpango wa ukarabati naanzia wapi, basi niwaeleze kwa nyumba hii ambayo iko mikononi sasa.

Ni ya vyumba vitatu na sebule, tofali za kuchoma, bati geji 30 lililoshika kutu kwenye misumari, choo cha nje. Nimeinunua milioni 41 na nimetenga milioni 19 za ukarabati. Rangi, tailizi na jipsamu ndivyo mnunuzi anavyoviona akiingia, na nitaviweka. Ila huku kwetu nyanda za juu, fedha ya kwanza lazima iende kwenye maji: paa, kuta za chini, na mitaro. Ukipaka rangi nzuri juu ya ukuta unaonyonya maji, mvua mbili tu rangi inavimba na kubanduka, na anayeishi ndani ni familia ya mtu aliyekuamini. Mimi hilo silikubali.

Kuta ndizo zimenichukulia muda mrefu zaidi. Fundi mwashi wangu alipenda tuuvunje ukuta kati ya sebule na jiko. "Mama, tukiutoa huu utapata sebule ya kisasa, mteja hatoki," akaniambia. Wazo zuri, lakini nikamwomba kwanza tubandue ripu (plasta ya ukuta) kidogo chini ya dirisha, usawa wa goti. Akabandua kipande cha ukubwa wa sahani. Nikachukua msumari wa inchi nne nikausukuma kwa kidole gumba kwenye kiungo cha tofali na tofali. Ukazama mpaka kichwani kama unaingia kwenye ugali wa moto, na ulipotoka ukaja na udongo mwekundu. Tofali zilijengwa kwa tope, saruji imepigwa juu tu kama ripu.

Nyumba za namna hii ni nyingi Mbeya na Iringa, na zimesimama miaka mingi. Ukuta wa tope unabeba uzito wa kutoka juu vizuri kabisa, mradi uwe mkavu. Haupendi kutobolewa uwazi mpana, na haupendi kutikiswa. Sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa, Mlima Rungwe uko hapo jirani, na matetemeko madogo si habari ngeni. Tulipopanda darini tukakuta kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, zimekaa moja kwa moja juu ya tofali, bila mkanda wa zege wa kuzifunga kuta pamoja. Ukuta wa katikati basi unabaki. Jiko litatoka nje kwa nyuma, kwenye chumba kipya chenye msingi wake na tofali za saruji, na jiko la zamani litakuwa choo na bafu la ndani. Hilo linahitaji kibali cha ujenzi kutoka Jiji, na maombi nimeshapeleka.

Paa linashuka lote, na hapo ndipo mpango unapolipa. Kila kazi inayohitaji nyumba iwe wazi juu lazima ifanyike siku hizohizo: mkanda wa kuzunguka kuta zote, nondo nne za milimita 12 na ringi zake, mabomba ya umeme kupitia darini, na mahali pa kupitisha bomba la tenki. Ukilirudisha bati halafu ukakumbuka mkanda, umelipa fundi paa mara mbili. Bati jipya litakuwa geji 28, ambalo ni nene kuliko 30. Mbao nimeagiza Mafinga, za paina zilizotiwa dawa, na nimezitaka mapema zipangwe kivulini zikauke. Mbao mbichi ikipigiliwa haraka inajipinda, na kenchi iliyopinda inaonekana mpaka barabarani.

Chini ya kuta, ripu imevimba na kuota chumvi nyeupe. Sababu ziko mbili. Msingi hauna nailoni ya kuzuia unyevu usipande ukutani, na udongo wa uwanjani umepanda miaka na miaka mpaka ukafikia usawa wa sakafu. Tutauchimba udongo kuzunguka nyumba yote, tutaweka kibaraza cha zege chenye mwinamo wa kutoa maji nje, kisha mtaro. Ndani tunabandua ripu usawa wa mita moja na kuacha ukuta upumue. Juni na Julai baridi yetu mnaijua. Ripu mpya haiwezi kuharakishwa. Naipa wiki nne kamili ndipo rangi, kwa hiyo rangi ni Agosti. Inanifaa, kwa sababu wanunuzi wangu wengi wanakuja baada ya mavuno, wafanyabiashara wa mchele wa Mbarali na Kyela, na wa Tunduma. Hao hawaulizi jipsamu ina maua gani. Wanauliza maji, uzio, na kama gari inageuka uani.

Kuhusu makaratasi nitasema machache. Upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kulipa hata senti. Ridhaa ya mwenza kwa maandishi, kwa sababu nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja. Na kwa walio karibu na barabara kuu ya Tanzam, pima mwenyewe: hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na alama ya X ya kubomolewa haijali umepaka rangi gani.

Risiti ndizo ningependa mzitilie maanani zaidi. Unapohamisha miliki, TRA (Mamlaka ya Mapato) wanadai asilimia 10 ya faida. Ukinunua kwa milioni 41, ukatumia 19, ukauza 75, faida ni 15 na kodi ni milioni 1.5. Lakini zile 19 lazima uzithibitishe, na karatasi ya daftari iliyoandikwa na kijana wa dukani haitoshi. Mimi nadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, hata ya misumari. Malipo ya mafundi nayaandikia mkataba wenye sahihi.

Fundi paa anaanza mvua ikikata. Fundi mabomba niliyekuwa naye amehamia Makambako, kwa hiyo kama unamfahamu mwingine hapa mjini, anayejua kuweka chemba za majitaka kwenye kiwanja chenye mteremko, niunganishe naye kabla ya mwisho wa mwezi wa tano.