Jumamosi ya Waandishi Pale McMillan

Aliyepanga ratiba ya tamasha la waandishi la jana, pale Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, hakuwahurumia watu wenye tamaa kama mimi. Saa nne asubuhi kulikuwa na mazungumzo ya riwaya kwenye ukumbi mkubwa, warsha ya hadithi fupi chumba cha nyuma, na vibonzo vya watoto kwenye hema la nje, vyote kwa mpigo. Niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wajigawe wenyewe. Wakajigawa kwa urafiki wala si kwa mada, nami nikanyamaza.

Maktaba ya McMillan ina namna yake ya kumnyamazisha mtu hata kabla hajakutana na mkutubi. Kuna nguzo zile, kuna simba wawili wa mawe mlangoni ambao kila kizazi cha wanafunzi lazima kipigwe picha nao, na ndani kuna dari iliyo juu mno. Waliniuliza McMillan ni nani. Nikawaambia ni tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mlowezi hapa, na kwamba mjane wake, Lucie, ndiye aliyeijenga maktaba kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka 1931. Nikaongeza kwamba hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kuja kusoma humu. Kijana mmoja akauliza, "Kwa hivyo mwalimu, guka yangu angefukuzwa?" Nikamwambia babu yake pengine angeingia, lakini akiwa na ufagio mkononi. Akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa.

Mgeni wa asubuhi alikuwa mwandishi ambaye riwaya yake iliwahi kuwa kitabu teule, yaani ilitahiniwa katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, miaka ya nyuma. Mwelekezi wa mazungumzo alimmwagia sifa mpaka mwenyewe akaanza kutazama meza. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kawaida: utoto, mwalimu aliyemtia moyo, miswada iliyokataliwa. Mambo yalinoga yalipofika maswali.

Msichana wangu mmoja, ambaye darasani humsikii, alisimama na kijitabu mkononi. "Mwandishi, shikamoo. Naomba nikusomee dondoo kutoka kitabu chako, halafu uliweke katika muktadha wake. Alama nne."

Ukumbi ulilipuka. Kama hukupitia Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, alama nne hizo zina mgao wake: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini anayasema hayo. Tunawakaririsha mpaka wanaota. Mzee mwandishi alifumba macho akasikiliza. Msemaji akampata. Msemewa akampata, kwa kusitasita. Mahali akasema jikoni.

"Ni uani," msichana akamsahihisha.

Na sababu? "Sababu," mzee akasema, "ni kwamba nilitaka yule mama aondoke kwenye ile sura, alikuwa ananichelewesha."

"Alama mbili."

Nilicheka hadi machozi. Mzee naye alicheka, kisha akamwomba amwonyeshe kitabu anachosomea. Hapo ndipo ilipobainika kwamba hakikuwa riwaya yake bali mwongozo, kile kijitabu cha kuichambua riwaya kwa ajili ya mtihani. Msichana aliliona jina la mwandishi kwenye ratiba, akapita asubuhi kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, akanunua mwongozo mkuukuu na kuusoma akisubiri milango ifunguliwe. Riwaya yenyewe hajawahi kuigusa. "Hii iko na kila kitu, hata muhtasari wa kila sura," alimweleza, kwa nia njema kabisa, kama anayemwelekeza mgeni mahali pa kupata chakula cha bei nafuu.

Mzee aliugeuza geuza. Akasema ameona miongozo kadhaa ya riwaya hiyo, na walioiandika hajawahi kukutana nao wala kupata senti yao. Hakulalamika sana. Aliuliza tu wangapi humo ndani walisoma kitabu teule kizima kabla ya mtihani, na mikono iliyoinuka ilinitia haya, maana baadhi ya watu wale ni walimu.

Mchapishaji aliyeketi kando yake alieleza hesabu ilivyo, na hili ndilo ningependa kila anayelaumu "vijana hawasomi" alisikie. Riwaya ya Kiswahili Kenya huishi au kufa kwa uamuzi wa KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala. Ikiteuliwa, inakwenda shule zote nchini kwa miaka kadhaa. Isipoteuliwa, inakaa ghalani. Tangu sheria ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya 2013, kitabu hutozwa ushuru wa asilimia 16 kama bidhaa nyingine dukani, na mzazi mwenye noti moja mfukoni hatanunua riwaya ya kujifurahisha kabla ya kitabu cha mtihani. Kisha akagusia mtaala mpya wa umilisi unaochukua nafasi ya ule wa zamani: KCSE ya mwisho ni 2027, na baada ya hapo hakuna mchapishaji anayelala usingizi mzito. Mtu akauliza kama riwaya ina njia nyingine ya kuishi. Akataja tuzo, hasa ile ya Safal-Cornell iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ya Mwalimu Nyerere kule Tanzania. Ni kweli zimeibua miswada mizuri. Ila tuzo humpata mwandishi, si msomaji. Msomaji bado anamsubiri mwalimu amwambie kitabu kiko kwenye orodha.

Adhana ya adhuhuri kutoka Msikiti wa Jamia, hapo jirani tu, ilimkatiza mchapishaji katikati ya sentensi. Alingoja hadi ikaisha. Nadhani ilimsaidia, kwa sababu swali lililofuata lilikuwa la mirabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo.

Chakula cha mchana sitakisimulia. Sambusa mbili kwa bei ya sahani ya pilau mtaani.

Alasiri niliketi kwenye warsha ya uhariri. Aliyeiongoza ni mama mmoja mhariri, mkali kwa upole. Kila mtu alileta ukurasa mmoja, mwenzake akausoma kwa sauti, na mwenye kazi haruhusiwi kusema neno. Ni adhabu. Unasikia msomaji akijikwaa palepale ulipojidanganya kwamba pako sawa. Kijana wa Kayole alileta hadithi ya makanga, utingo wa matatu, na katika ukurasa wake makanga alikuwa akisema, "Abiria wapendwa, tafadhali sogeeni ndani." Mhariri aliweka kalamu chini. "Umekuja na matatu leo?" Akajibu ndiyo. "Makanga alisemaje?" Kijana akasita, kisha akaita kwa sauti iliyojaza chumba: "Tao finje, wawili wa mwisho, wawili wa mwisho!" Yaani, mjini kwa shilingi hamsini. Mzee mmoja mstaafu alipinga palepale kwamba hicho si Kiswahili cha kuandikwa, watahini watakikata. Mhariri akamtazama. "Nani ametaja watahini hapa?"

Kijana alifuta mstari wake wote na kuandika upya, kalamu ikikimbia. Mimi nilibaki na yale ya mzee, kwa sababu nilikuwa nimefikiria vilevile. Miaka yote niliyosahihisha insha imenipa sikio linalosikia kosa kabla ya kumsikia mtu. Hilo ni jambo la kazi, silijutii. Bila hilo wanafunzi wangu wangefeli. Lakini kwenye warsha lilikuwa mzigo.

Jioni kulikuwa na mashairi nje, mengine mazuri, mengine ya kupiga kelele tu. Nilikuwa nimechoka, na wanafunzi wa shule ya kutwa lazima wafike nyumbani kabla giza halijaingia, basi tukaondoka katikati. Msichana wa alama nne alikuwa ameomba namba ya ukurasa wa lile dondoo kutoka kwa mwandishi mwenyewe, akaandikiwa kwenye jalada la mwongozo. Sasa anadai nimtafutie riwaya. Shuleni tulikuwa na nakala nyingi zilipotahiniwa. Orodha ilipobadilika zilipelekwa stoo, na stoo ina panya. Jumatatu nitaangalia.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu pale ukumbini. Nina barua pepe ya mchapishaji mmoja akinitaka niandike mwongozo wa tamthilia itakayosomwa sekondari ya juu. Malipo yake yanashinda chochote nilichowahi kupata kwa hadithi zangu zote zikijumlishwa, na karo ya mdogo wangu hailipwi kwa makofi ya tamasha. Nilipokuwa nikimsikiliza yule mzee mwandishi nilikuwa nikipanga kichwani muhtasari wa onyesho la kwanza. Wanataka jibu kufikia Ijumaa. Nimewaandikia kuuliza kama ninaweza kukataa kuweka muhtasari, nikaweka maswali peke yake, ya kumlazimisha mtu afungue tamthilia. Sidhani watakubali.