Sababu na Dhima: Kanuni ya Durkheim Inayorukwa

Mwanafunzi wa sosholojia akiulizwa kwa nini kuna dini, mara nyingi hujibu kwamba dini huunganisha jamii. Hapo ametaja dhima, yaani kazi ambayo dini inafanya. Chanzo chake bado hajakigusa.

Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, alionya kuhusu hilo mwaka 1895, alipoandika kanuni za mbinu za sosholojia: sababu iliyolizaa jambo itafutwe peke yake, na dhima yake peke yake. Manufaa ya kitu hayawezi kukizaa. Ile kanuni yake ya kuyachukulia mambo ya kijamii kama vitu, yaani kuyachunguza kutoka nje kwa ushahidi, kila mtu anaikariri. Hii, ambayo kwangu ina uzito zaidi, inarukwa. Ndiyo maana watu huchanganya pozitivizimu, ambayo ni msimamo kuhusu namna ya kujua (kwamba jamii ichunguzwe kwa mbinu za sayansi), na umuundo-uamilifu, ambao hueleza kila sehemu ya jamii kwa mchango wake katika mfumo mzima.

Kwa upande wa sababu, soma utafiti wake wa 1897 kuhusu kujiua. Mwanafalsafa Auguste Comte alikuwa ameshadai kwamba jamii ichunguzwe kisayansi kama maumbile. Durkheim akaonyesha inavyofanyika. Hakutumia idadi ghafi bali viwango kwa kila watu milioni moja. Kwa idadi ghafi, waliooa walionekana kujiua zaidi kuliko wasiooa, kwa kuwa kundi la wasiooa limejaa watoto, ambao ni nadra kujiua. Alipolinganisha watu wa umri mmoja, picha ikageuka: kwa jumla ndoa ilikuwa kinga, isipokuwa kwa wanaume waliooa wakiwa wadogo mno. Kisha akapima na kukataa maelezo shindani: wazimu, nasaba, hali ya hewa, kuigana. Kilichobaki ni kiasi ambacho kundi linamshikilia mtu. Waprotestanti, ambao kanisa lao liliwashikilia kwa ulegevu zaidi, walijiua zaidi kuliko Wakatoliki.

Udhaifu uko kwenye takwimu zenyewe. Mwanasosholojia Jack Douglas alihoji mwaka 1967: nani huamua kwamba kifo fulani ni cha kujiua? Familia iliyoshikamana, inayoona kujiua ni aibu, ina nguvu ya kukificha. Basi mshikamano uleule unaodaiwa kupunguza vifo huenda unapunguza taarifa tu.

Kwa upande wa dhima, mfano mzuri uko Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Miaka ya 1930 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliwachunguza Wanyakyusa, ambao wavulana wao walitoka kwa wazazi na kujenga vijiji vya rika lao. Monica Wilson aliona kwamba mpangilio huo uliwatenganisha baba na wake za wanawe, waliopaswa kuepukana kabisa. Maelezo hayo yanashawishi, lakini ni ya dhima. Kuepukana kungeweza kutimizwa kwa njia nyingine, mathalani nyumba zilizo mbalimbali ndani ya kijiji kimoja. Kwa nini basi vijiji vya rika? Jibu linahitaji historia: ardhi, mifugo, utawala wa machifu.

Mwanasosholojia Robert Merton aliliweka wazi hilo mwaka 1949: dhima moja inaweza kuwa na mbadala kadhaa, na kinachowafaa wengine huenda kikawaumiza wengine. Kwa hiyo unapoandika kwamba desturi fulani "inasaidia jamii", taja inamsaidia nani, inamgharimu nani, na ni kitu gani kingine kingeweza kufanya kazi hiyo. Ukishindwa kutaja mbadala hata mmoja, rudi kwenye data kabla ya kuandika neno "lazima".