Pailoti iliyogoma

Ilikuwa Januari hapa Columbus, Ohio, na maji ya bombani yanachoma kwa baridi. Hita yetu ya maji, ya gesi, galoni 40, iko besimenti. Siku tatu mfululizo, nikibonyeza kitufe pailoti, yaani kale kamoto kadogo ka kuwashia moto mkubwa, inawaka, nikiachia inazimika.

Aliyewahi kuwasha oveni ya gesi anakumbuka kushikilia kirungu kwanza. Ni kwa ajili ya themokapo, kijiti cha metali kinachosimama ndani ya kale kamoto. Kikipata joto kinatoa umeme kiduchu, milivolti 20 hadi 30 hivi, nao ndio unaoishika sumaku ya vali isifunge gesi. Moto ukizimika kijiti kinapoa, sumaku inaachia, gesi inakatika.

Nikajiaminisha: themokapo imekufa. Nikanunua mpya, nikaifunga, nikashikilia kitufe dakika nzima. Nikaachia. Ikazimika.

Na mita ya kupimia umeme nilikuwa nayo muda wote, kwenye sanduku la spana! Nikafungua nati ya themokapo pale kwenye vali, mita nikaiweka kwenye milivolti za DC, waya mmoja kwenye mrija wa shaba, mwingine kwenye ncha. Kitufe nacho kinataka mtu, basi nikamwita mke wangu.

“Baba Asha, kidole kinauma.”

“Vumilia kidogo.”

Mita ikagoma kwenye 9. Themokapo mpya kabisa!

Ndipo nikalala chini na tochi kuutazama moto wenyewe, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Ulikuwa wa njano, mlegevu, unairamba ncha tu. Nikafunga gesi, nikaacha ipoe, nikachomoa bana nzima, yaani kichomeo cha gesi. Tundu la pailoti lilikuwa na utando wa vumbi. Nikalipuliza kwa kopo la hewa. Sindano sikuthubutu, maana tundu likipanuka umeharibu kipimo cha gesi. Wavu wa kuingizia hewa chini ya hita ulikuwa umeziba kwa manyoya ya paka wetu.

Nikarudisha, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, hakuna kilichotoa mapovu. Safari hii moto ulikuwa wa bluu, umekaza, umeizunguka ncha kama sentimita moja. Mita: 26. Nati nikaikaza kwa vidole, kisha robo mzunguko tu kwa spana.

Kwa udadisi nikaijaribu na ile ya zamani kwenye moto huohuo. Ikatoa 24. Sasa imo kwenye droo, nzima kabisa.