Nani Anaruhusiwa Kutoka Kwenye Kundi Lake?

Nikitazama filamu ya Kimarekani ya vijana wa sekondari, macho yangu hayamfuati steringi. Namfuatilia yule mwingine: mwenye miwani, mpole wa pembeni, rafiki wa rafiki. Nataka kujua dakika za mwisho zitamfanyia nini. Karibu filamu hizi zote hutuambia kuwa majina tunayobandikana shuleni ni ya uongo, kwamba mrembo naye ana huzuni zake na mhuni naye ana utu. Nakubali kabisa. Ila hebu tazama ni nani anayepewa nafasi ya kulivua jina lake, na ni nani anayeachwa kwenye mataa.

Chukua The Breakfast Club ya John Hughes, ya mwaka 1985. Wanafunzi watano wanatumikia adhabu maktabani Jumamosi nzima: Claire binti wa kitajiri, Andrew mwanamieleka, Bender mhuni, Allison asiyesema na mtu, na Brian, kichwa cha darasa. Mwalimu anawataka waandike insha ya maneno yasiyopungua 1,000, kila mmoja ajieleze yeye ni nani. Naipenda sana filamu hii. Pale wanapokaa sakafuni na kuanza kusema habari za wazazi wao, nasahau kuwa natazama waigizaji. Brian anasimulia jinsi alivyofeli somo la ufundi kwa sababu taa ya tembo aliyoitengeneza ilikataa kuwaka, na jinsi ilivyokutwa kabatini mwake bastola ya kurushia miali ya ishara. Mtoto huyu alikuwa amefikiria kujiua kwa sababu ya alama. Kwangu mimi, mle ndani hakuna aliyebeba mzigo mzito kuliko wake.

Halafu saa za kuondoka zinakaribia, na Claire anamwomba Brian aandike insha moja kwa niaba ya wote. Wenzake wanne wanapatana wawili wawili. Yeye anabaki mezani na kalamu. Nilikuwa mwanafunzi wa aina hiyo. Madaftari ya wenzangu yalikuwa yakilala kwangu, na najua jinsi sifa ya "wewe una akili" inavyogeuzwa kuwa njia ya kumtwika mtu kazi. Insha yenyewe inasema hakuna anayestahili kufungiwa ndani ya jina moja. Lakini aliyeiandika ameiandika kwa sababu ya jina lake.

Kwa Allison mambo ni mabaya zaidi. Mapema asubuhi anachora mandhari kwenye karatasi, kisha anakung'uta nywele juu yake ili mba ziwe theluji. Ni mojawapo ya picha ninazozipenda kuliko zote katika filamu za rika hili: binti anaunda kitu cha kwake, kwa alichonacho, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kufikia jioni Claire amemfuta wanja mweusi na kumfunga utepe nywele, na hapo ndipo Andrew anapomtazama kana kwamba ameingia sasa hivi. Sijawahi kulikubali badiliko lile. Miaka 14 baadaye, mwaka 1999, She's All That ilijengwa juu ya mtindo uleule: msanii anavuliwa miwani, nywele zinakatwa, gauni jekundu linavaliwa, na shule nzima inagundua kuwa yupo.

Nadhani Mean Girls ya mwaka 2004 ndiyo iliyoyachora makundi waziwazi kuliko nyingine zote, tena kwa ramani. Cady, msichana mgeni, anachorewa bwalo la chakula meza kwa meza: wanamichezo, wapiga muziki, wanaokula kupita kiasi, wasiokula kabisa. Ukiisoma ramani hiyo polepole utaona kitu. Weupe wamegawanywa kwa tabia na kwa wanachokipenda; wasichana weusi wana meza ya rangi yao, na Waasia wana zao. Mtoto mweupe anaweza kuhama meza kwa kubadili mwenendo. Hawa wengine watahamia wapi? Cady mwenyewe amelelewa Afrika na wazazi wanaotafiti wanyama, na akifika kwenye jengo la maduka anawaona vijana wenzake kama wanyama wanaogombana kwenye kisima cha maji. Bara zima limeitwa ili litoe mfano wa wanyama, na hilo linaniuma kila ninapoitazama, ingawa uandishi wake ni mkali na nacheka sehemu nyingi.

Jambo hili ni la zamani. Katika Rebel Without a Cause, ya mwaka 1955, Plato ndiye asiye na kundi wala wazazi nyumbani. Jim, anayeigizwa na James Dean, anamvalisha koti lake jekundu, na tayari ameshaitoa magazini ya bastola ya Plato. Polisi hawalijui hilo. Wanampiga risasi mbele ya jumba la kutazamia nyota. Jim anarudi kwa baba yake akiwa na mpenzi mkononi. Aliyekuwa mpweke kuliko wote ndiye aliyelipia mapatano ya familia ya mwingine.

Booksmart ya mwaka 2019 ilijitahidi kugeuza mambo: Molly, msomi aliyejinyima starehe zote, anagundua chooni kuwa wale aliowadharau nao wamepata nafasi Yale na Stanford. Ni pigo zuri, maana linampata na mtazamaji. Lakini heshima yao bado imepimwa kwa chuo. Asiye na barua ya Yale angeonekanaje?

Ndiyo maana ninaipenda zaidi Eighth Grade ya Bo Burnham, ya mwaka 2018. Elsie Fisher aliigiza akiwa kweli katika umri wa mhusika wake, Kayla, na chunusi zake zinaonekana. Kayla anatangazwa shuleni kuwa mkimya kuliko wote, na hakuna anayekuja kumpaka vipodozi. Mwishoni anamkabili Kennedy, msichana maarufu, na kumweleza kwa sauti inayotetemeka kuwa amemtendea vibaya. Kennedy haombi radhi wala hawi rafiki yake. Kayla anaondoka na uso uleule alioanza nao, na mwongozaji haoni haja ya kuurekebisha. Nataka filamu zaidi za namna hiyo, na nataka mojawapo imfuate Brian mpaka nyumbani kwao Jumamosi ile, taa yake bado haiwaki na wazazi wake wanauliza alama.