Soksi juu ya viatu

Sheffield, huku Uingereza, leo imeamka nyeupe pee kwa theluji. Mji wenyewe vilima vitupu, mabasi hayapandi, na zamu yangu saa moja asubuhi.

Nikatoka kwa miguu. Hatua ya tatu, puu! Chini.
Theluji si neno. Adui ni ile barafu nyembamba, huioni.

Bibi jirani akafungua dirisha: "Vaa soksi juu ya viatu!"
Nikadhani ananitania.

Jamani, zinashika! Nimeshuka mteremko mzima na soksi za mistari za mume wangu, mpaka kwenye sanduku la njano la chumvi ya kuyeyusha barafu pale kona. Nikachota kidogo, nikarudi kumwagia bibi ngazini.

Vidole bado vinawaka.

Wa Leeds na Glasgow, kwenu vipi?
Wa Tanga, msinicheke.