Chaneli za H zilivyorudi kwa bibi: nilivyojifunza kubana konekta za waya wa dishi

Kwa miezi mitatu bibi yangu wa Pangani alikuwa akiangalia nusu tu ya chaneli zake. Nilipokwenda kumsalimia nikapitia orodha yote kwenye king'amuzi chake cha chaneli za bure, nikaona jambo: zilizokosa ishara zilikuwa na herufi H (mawimbi ya mlalo) pembeni ya masafa yake, na zenye V (ya wima) zilikuwa safi kabisa. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ambayo bibi haikosi hata akiwa na homa, ilikuwa upande wa H.

Fundi wa mtaani alikuwa ameshaitwa mara tatu. Kila alipopanda alilisogeza dishi kidogo, picha ikarudi, akashuka. Siku nne tano baadaye zinapotea tena. Hakuwa mzembe, alikuwa akitafuta kosa pale ambapo mara nyingi ndipo linapokuwa. Lakini LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, hupata umeme wake kupitia waya ule ule unaoleta picha. King'amuzi kikitaka chaneli za V hupeleka volti 13 hivi, kikitaka za H hupeleka 18. Volti zikipotea njiani, LNB hubaki upande wa V hata ukibonyeza rimoti mpaka kesho. Dishi likitikiswa, waya nao unatikisika, maungio yanagusana vizuri kwa siku chache, na kila mtu anaamini dishi ndilo lililotengenezwa.

Nilipanda na mita ya kupimia volti. Kati ya dishi na dirisha palikuwa na ungio moja: konekta mbili, vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya, za kuzungusha kwa mkono, zikakutanishwa na kufungwa tepu nyeusi. Nyuma ya king'amuzi nilisoma volti 18.2. Upande wa dishi, LNB ikiendelea kuvuta umeme, 14 na kitu. Nilipobandua tepu, unga wa kijani ulinibaki vidoleni.

Pale upepo wa bahari unapita juu ya bati usiku na mchana, na una chumvi. Konekta ya kuzungusha hushika ganda la waya kwa hesi zake tu, nyuma haina cha kuziba. Waya unapata joto mchana, unapoa usiku, konekta inalegea, unyevu unaingia na kutulia ndani ya tepu. Nami ndizo nilizokuwa nikitumia miaka yote, kwa kuwa hazihitaji kifaa. Siku ile juu ya paa niliamua sitaifunga nyingine nje ya nyumba.

Safari iliyofuata ya Dar nilipita Kariakoo nikanunua konekta kumi za kubana, kichunio cha kuvulia ganda la waya chenye visu viwili, na kifaa chenyewe cha kubania. Muuzaji aliniuliza waya ni upi kabla hajanipa chochote, na alifanya vema. Wa bibi ni RG6, imeandikwa kwenye ganda. Konekta ya RG59, ambao ni mwembamba zaidi, isingeufaa.

Kabla ya kugusa waya wa nyumba nilikata kipande cha waya chakavu, nikakaa nacho barazani alasiri nzima. Konekta ya kwanza ilivuliwa kwa mkono kama kofia. Ya pili ilishika, lakini nilipochungulia kwa mbele nikaona kisu kilikuwa kimekwaruza waya wa kati. Hilo si dogo. Waya mwingi wa dishi una chuma ndani na shaba nyembamba juu yake; ukikwaruza shaba, umefungulia kutu mlango. Tena katika konekta hii waya wa kati ndio pini yenyewe. Hakuna pini nyingine inayovikwa juu yake, ndio unaoingia moja kwa moja kwenye tundu la LNB. Nilirudisha visu nyuma kwa skrubu yake ndogo mpaka kichunio kikawa kinakata povu jeupe linalokizunguka kiini, yaani waya wa kati, bila kukigusa.

Vipimo vyenyewe ni rahisi. Milimita 6 hivi za waya wa kati uwe mtupu, kisha milimita 6 nyingine ganda la nje litoke ila povu jeupe libaki, na foili yake, ile karatasi nyembamba ya chuma, ibaki imeligandia. Usiivue. Nyuzi za wavu ulio chini ya ganda unazikunja nyuma juu ya ganda, zote, kwa kucha. Unyuzi mmoja ukibaki mbele na kugusa kiini, umeunganisha volti 18 na ganda la konekta, na king'amuzi kitakuandikia kuwa LNB ina shoti. Hapa nilikuwa nikiinua waya juani na kuuzungusha taratibu, maana unyuzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele.

Kuisukuma konekta ndiko kulikonichelewesha. Ndani yake kuna kimrija ambacho lazima kipite kati ya foili na wavu. Kikiingia vibaya kinaikunja foili, na kazi yote imeharibika. Nilijifunza kuanza kwa kuzungusha kidogo kidogo bila nguvu mpaka nihisi kimrija kimeshapita chini ya wavu, ndipo nisukume kwa uzito wa mkono. Waya uliokaa juani nusu saa unakubali upesi kuliko uliotoka chumbani. Unasukuma mpaka ukichungulia mbele povu jeupe limekaa sawasawa na sakafu ya konekta; likiwa ndani zaidi, konekta haijafika, na kubana hakutaiokoa. Ile ya kwanza iliyovuliwa kama kofia ilikuwa hivyo: nilikuwa nimeibana kwa nguvu zangu zote, lakini jeupe lilikuwa milimita 3 nyuma.

Kubana kwenyewe ni sekunde moja. Unaiweka ndani ya kifaa, unafinya vishikio mpaka mwisho, pete ya nyuma inazama na kulikumbatia ganda pande zote, na maji hayana tena pa kupenyea kwa nyuma. Ya nne nilining'inia nayo. Haikusogea.

Asubuhi yake nilichomoa king'amuzi kwenye umeme, nikapanda bati kabla halijapata moto. Sikutengeneza ungio jipya. Nilivuta waya mmoja mzima kutoka kwenye dishi hadi ndani. Kwenye LNB nilikaza kwa vidole, kisha spana namba 11, robo mzunguko tu. Juu yake nikazungusha ule utepe wa mpira unaojigandia wenyewe, na kabla ya dirisha nikauacha waya ulegee chini kama ndoano, maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi ukutani. King'amuzi kilipochomekwa tena, mita ilisoma volti 17.8 upande wa dishi.

"Washa, bibi!" niliita kutoka juu. Kimya. Halafu nikasikia sauti ya mtangazaji, na ya bibi ikimfuata: "Shuka basi, baba, usije ukaanguka."

Masika yote yalipita, na chaneli zote zipo.

Nilipokutana na fundi dukani nilimwamkia, nikamwonyesha ile konekta ya zamani niliyoihifadhi kwenye kibahasha. Aliigeuza mara mbili tatu, akakwangua ukijani kwa ukucha, akaniuliza kama kifaa ninacho. Tulikwenda nacho barazani kwa bibi. Ya kwanza aliyobana nilivuta, ikatoka. Nikampa aichungulie mbele, akaliona jeupe lilipoishia. Akakata upya, akaupasha waya juani, akasukuma polepole huku akihesabu kimoyomoyo. Ile nilipoivuta, ilinivuta mimi.